Mshipa Mkuu wa Moyo na Matawi Yake

(Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, limepigwa chapa kama lilivyosomwa.)

Natumaini kila mtu ana kalamu na daftari. Kiongozi wa darasa na asimame karibu na ubao, maana leo tuna maneno machache ambayo si ya kila siku, nami nitayasema polepole yapate kuandikwa.

Neno la kwanza ni aota. A, O, T, A. Aota ni mshipa mkuu wa damu, ule utokao moyoni moja kwa moja. Damu yote iendayo kichwani, mikononi, tumboni na miguuni hupita kwanza humo. Mtu akiwa amepumzika, moyo wake husukuma kadiri ya lita tano kila dakika, na zote hupita katika bomba hilo moja, ambalo kwa mtu mzima unene wake ni karibu sawa na mpini wa jembe.

Neno la pili mnalijua: tao. Mmeliona tao juu ya milango ya nyumba za zamani za pwani. Sasa fikirini bakora ya mzee, ile yenye mkono uliopinda. Aota ina umbo kama hilo. Hutoka moyoni ikipanda juu, kisha hupinda kuelekea nyuma na upande wa kushoto, halafu hushuka kando ya uti wa mgongo mpaka tumboni. Pale inapopinda ndipo paitwapo tao la aota. Mahali penyewe ni kifuani, nyuma ya sehemu ya juu ya mfupa wa kidari.

Juu ya tao hilo huota matawi, kama machipukizi juu ya tawi lililoinama. Kwa watu walio wengi matawi ni matatu. La kwanza ni nene na fupi. Huenda upande wa kulia na kugawanyika, sehemu moja ikapanda shingoni kwenda kichwani na nyingine ikaenda katika mkono wa kulia. La pili hupanda shingoni upande wa kushoto. La tatu huenda katika mkono wa kushoto. Weka vidole viwili taratibu shingoni, kando ya koo, upande mmoja tu. Unasikia kitu kinapiga? Huo ni mshipa uliotokana na tao tunalozungumzia. Usibonyeze kwa nguvu, wala usishike pande zote mbili kwa pamoja, kwa kuwa ndiyo njia kubwa ya damu ya ubongo.

Basi hayo ndiyo yaliyochorwa vitabuni, na mwanafunzi wa shule huyachora hivyo apate alama zake. Lakini miili ya watu haikuchorwa na mwalimu mmoja. Ukihesabu watu kumi, saba au wanane watakuwa na matawi matatu kama nilivyosema. Waliobaki wana namna nyingine, na karibu wote hawana habari. Wanalima, wanacheza mpira, wanazaa, wanazeeka, na mwisho wao wanakufa kwa sababu nyingine kabisa.

Zamani mambo haya yalijulikana na wale waliopasua maiti tu. Mwaka 1895 Wilhelm Röntgen wa Ujerumani aligundua mionzi ya eksirei, na tangu hapo kifua cha mtu aliye hai kikaweza kutazamwa. Baadaye ikaja mashine iitwayo skani, ambayo huzungusha eksirei pande zote za mwili, na kompyuta ikatengeneza picha za vipande, kama mkate uliokatwa kwa kisu. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha kwa mashine hiyo London mwaka 1971. Godfrey Hounsfield, Mwingereza aliyeitengeneza, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1979 pamoja na Allan Cormack, mtu aliyezaliwa Johannesburg, ambaye alianza kuifikiria hesabu ya jambo hilo alipokuwa akifanya kazi Cape Town. Hiyo ni sehemu ya Afrika katika habari hii, nami nafurahi kuitaja.

Siku hizi skani zimekuwa nyingi. Tuseme kijana ameanguka na pikipiki, ameumia kifua. Hospitali wanampiga picha waone kama mbavu zimevunjika au damu imevuja. Mbavu ni nzima. Lakini mtaalamu wa picha, ambaye kazi yake ni kuandika kila anachokiona, anaongeza mstari mmoja chini ya karatasi: tao la aota si la kawaida. Kijana anatoka na karatasi hiyo. Hajui maana yake. Nyumbani kila mtu ana lake la kusema. Mmoja anasema moyo umehama, mwingine anasema amerogwa, wa tatu anamjua mtu mwenye dawa ya kunyoosha mishipa, bei yake mbuzi wawili. Na kijana aliyekuwa mzima asubuhi, jioni halali.

Ndiyo maana nimechagua somo hili. Neno "si la kawaida" katika karatasi ya hospitali halina maana ya "ni bovu". Mtu anayetumia mkono wa kushoto si wa kawaida pia, lakini hana ugonjwa.

Tuone namna zenyewe. Iliyo nyingi kupita zote ni ile ambayo tawi la kwanza na la pili hutoka katika shina moja, kwa hiyo matawi yanayoonekana juu ya tao ni mawili tu. Mtu mmoja au wawili katika kumi wanayo, na katika hesabu kadhaa zilizofanywa imeonekana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika. Madaktari wamezoea kuliita tao la ng'ombe. Jina hili ni baya mara mbili: kwanza linamtisha mwenye nalo, na pili si la kweli. Yeyote kati yenu aliye mchinjaji aweza kutazama mwenyewe. Ng'ombe ana shina moja tu kubwa linalotoka katika tao lake, na humo ndimo hutoka mishipa yote ya kichwa na ya miguu yote miwili ya mbele. Mtu mwenye tao la ng'ombe hafanani na ng'ombe hata kidogo. Mwaka 2006 madaktari wa Marekani waliandika makala kuonyesha kosa hilo, lakini jina limeshika mizizi na mtalikuta katika karatasi zenu. Watafiti wengine wameona kwamba namna hii ipo kwa wingi zaidi kidogo kati ya wagonjwa ambao aota yao imepanuka. Ikiwa karatasi inasema aota haikupanuka, hapana shauri jingine la kufanya.

Namna nyingine ni mshipa mdogo wa nyuma ya shingo, upande wa kushoto, ambao kwa desturi huzaliwa na mshipa wa mkono, kutoka katika tao lenyewe. Watu watatu hadi watano katika mia wanayo. Hiyo humhusu daktari wa upasuaji wa shingo, na mwenye nayo haimsumbui.

Sasa nataka tukae zaidi juu ya namna ya tatu, kwa sababu ina historia na ina mambo ya kuangalia. Ni ile ambayo mshipa wa mkono wa kulia haukutoka mahali pake. Badala ya kutoka katika tawi la kwanza, umetoka mwisho kabisa, baada ya mshipa wa mkono wa kushoto. Fikirini taabu yake: umezaliwa upande wa kushoto, na kazi yake iko upande wa kulia. Hauna budi kuvuka kifua. Na katikati ya kifua kuna bomba la pumzi, nyuma yake kuna njia ya chakula, ndilo neno letu la tatu, umio, na nyuma ya umio kuna uti wa mgongo. Mara nyingi, kadiri ya watu wanane katika kumi wenye mshipa huu, hupita nyuma kabisa, kati ya umio na uti wa mgongo. Wengine hupita kati ya umio na bomba la pumzi, na wachache mbele ya yote mawili. Watu wenye mshipa wa namna hii ni karibu mmoja katika mia.

Hupotea njia vipi? Mtoto tumboni, katika wiki za kwanza, wakati mama hajajua vema kwamba ana mimba, hana tao moja. Hutokea jozi za matao madogo, kulia na kushoto, zikifuatana tangu shingoni, lakini si zote kwa wakati mmoja. Ni kama njia za miguu zinazotoka kijijini kwenda mtoni. Zile zinazopitwa sana hupanuka, zile zisizopitwa huota majani na kufa. Kwa desturi tao la nne la kushoto hukua na kuwa sehemu ya tao la aota, na mwenzake wa kulia huwa mwanzo wa mshipa wa mkono wa kulia. Ikiwa huyo wa kulia amekufa, mkono hauwezi kukosa damu. Njia nyingine ya nyuma, ambayo ilipasa kufa, hubaki hai na kuchukua kazi yake. Mkono unapata damu yake kamili. Njia tu ndiyo ya kuzunguka. Kwa hiyo mama asijilaumu kwamba alibeba mzigo mzito au alikula kitu fulani.

Mwaka 1761 daktari kijana wa Uingereza, jina lake David Bayford, aliutazama mwili wa mwanamke aliyekuwa na taabu ya kumeza kwa miaka mingi, hata akakonda na kufa kwa kukosa chakula. Waganga wake walijaribu dawa za wakati ule bila faida. Ndani ya kifua Bayford aliukuta mshipa wa mkono wa kulia ukivuka na kulibana umio. Alikaa na habari hiyo zaidi ya miaka ishirini kabla ya kuitoa mbele ya madaktari wenzake, na ugonjwa huo akaupa jina la Kilatini lenye maana ya taabu ya kumeza inayotokana na mchezo wa maumbile. Mchezo! Kwa yule mama haukuwa mchezo. Lakini jina limebaki mpaka leo.

Ilichukua muda mrefu kabla ya mtu kuuona mshipa huo kwa mgonjwa aliye hai. Mwaka 1936 Mjerumani Burckhard Kommerell alimnywesha mgonjwa wake uji wa bariamu, ambao huonekana mweupe katika eksirei, akaona kitu kimelisukuma umio kutoka nyuma. Alitambua kwamba ni chanzo cha mshipa huo, kilichotuna kama kifuko. Kifuko hicho chaitwa kwa jina lake hata sasa. Kisha mwaka 1945, huko Boston, Marekani, daktari Robert Gross alimpasua mtoto ambaye matao yote mawili yalikuwa yamebaki, la kulia na la kushoto, yakalizunguka bomba la pumzi kama pete na kumkaba. Aliikata pete hiyo, mtoto akapumua. Mwaka uliofuata aliandika juu ya mtoto mwingine, huyu akiwa na mshipa wa mkono wa kulia uliopotea njia, naye pia akatengenezwa.

Hapa nataka kusema neno kwa akina mama. Mtoto mchanga anayetoa sauti ya kukoroma kila anapovuta pumzi, hata akiwa macho, tena akihangaika au kupaliwa wakati wa kunyonya, apelekwe hospitali. Sababu mara nyingi ni nyingine na ndogo, lakini pete ya mishipa ni mojawapo, nayo hutibika.

Turudi kwa mtu mzima mwenye mshipa uliovuka. Walio wengi hawasikii kitu maisha yao yote. Wachache, hasa wakizeeka na mishipa kukakamaa, husikia ugali au muhogo ukisita kifuani. Na hapa pana hatari ambayo naomba mwisikilize vizuri. Mtu ameambiwa ana mshipa huo. Miaka inapita. Siku moja anaanza kushindwa kumeza; kwanza ugali, kisha wali, kisha hata uji unapita kwa shida, na mwili unakonda. Anasema, "Aa, ni ule mshipa wangu, daktari aliniambia zamani." Anakaa nyumbani. Ndugu zangu, saratani ya umio si adimu katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki. Huo mshipa umekuwapo tangu kuzaliwa; taabu inayoanza leo na kuongezeka kila mwezi yataka kuchunguzwa leo, kwa kipimo cha kutazama ndani ya umio. Usimruhusu yeyote, hata kama amevaa koti jeupe, aitupe taabu hiyo juu ya mshipa kabla ya kutazama.

Jambo la pili ni sauti. Neno letu la nne ni zoloto, yaani kile kisanduku cha kooni inamotoka sauti. Zoloto huendeshwa na mishipa ya fahamu, ambayo si ya damu, bali ni kama nyuzi za simu. Ule wa kulia una desturi ya ajabu: hushuka mpaka chini ya shingo, hujipinda chini ya mshipa wa damu wa mkono wa kulia, kisha hupanda tena mpaka kwenye zoloto. Lakini ikiwa mshipa wa damu haupo mahali pake, uzi huo hauna cha kujipindia. Basi hukata njia, ukatoka shingoni kwenda moja kwa moja kwenye zoloto, ukipita karibu na tezi ya shingo.

Nani atajali? Atajali mwenye rovu. Katika nyanda za juu za kusini ya Tanzania, na sehemu nyingi nyingine za milima, rovu lilikuwa jambo la kila kijiji kwa sababu ya upungufu wa madini ya joto, na ijapokuwa chumvi yenye madini hayo imepunguza sana ugonjwa huu, wapo bado watu wanaokwenda kupasuliwa. Daktari wa upasuaji hutafuta uzi huo chini, mahali ulipozoea kuwa, apate kuukwepa. Kwa mtu huyu uko juu, umelala kwa upana, na rahisi kudhaniwa kuwa kitu kingine. Ukikatwa, sauti hukwaruza au hupotea. Mnadi wa samaki, mwadhini, mwalimu, mama anayemwita mtoto wake shambani, kila mmoja anajua thamani ya sauti. Daktari akijulishwa mapema, ataitafuta njia nyingine na kuiona. Asipojulishwa, hana sababu ya kutafuta.

Jambo la tatu ni la wagonjwa wa moyo. Siku hizi madaktari hupitisha mpira mwembamba katika mshipa wa mkono, kwenye kifundo cha mkono wa kulia, mpaka kwenye moyo, na kazi hii hufanyika pia katika nchi zetu, kama katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Kwa mwenye mshipa uliovuka, njia hiyo ina kona mbaya. Daktari aliyejulishwa aweza kuanzia mkono wa kushoto au kinenani, bila kupoteza wakati. Kadhalika mgonjwa mahututi anayelishwa kwa mpira wa puani kwa majuma mengi: mpira ndani ya umio na mshipa nyuma yake vyaweza kusuguana hata pakatoboka. Jambo hili ni la nadra, lakini likitokea ni la kifo.

Kile kifuko cha Kommerell nacho si cha kupuuzwa. Kikiwa kidogo, hutazamwa tu kila baada ya muda. Kikikua, chaweza kupasuka, na hapo shauri la upasuaji huja. Ikiwa karatasi yako inataja jina hilo, uliza upana wake kwa milimita na siku ya kurudi.

Liko pia tao linalopinda kulia badala ya kushoto, kwa kadiri ya mtu mmoja katika elfu. Katika eksirei ya kawaida ya kifua, kama ile ya kutafuta kifua kikuu, kivimbe cha tao huonekana upande usio wake, na mtazamaji mwenye haraka aweza kudhani ni uvimbe mbaya. Skani huondoa shaka. Kwa watoto hutazamwa pia moyo wenyewe, maana namna mojawapo ya tao hili hufuatana mara nyingi na kasoro za moyo za kuzaliwa.

Basi yule kijana wa pikipiki afanye nini? Arudi kwa daktari na karatasi yake, aulize maswali mawili. Ni namna gani hasa? Je, kuna kifuko, upanuzi au kubanwa? Akiambiwa hakuna, aende zake kazini. Mbuzi wake wabaki zizini. Lakini karatasi asiitupe. Aitie katika mfuko wa nailoni pamoja na cheti cha kuzaliwa, na mtu mmoja wa nyumbani ajue ilipo, kwani anayefikishwa hospitali akiwa hajitambui hawezi kujieleza. Aonyeshe karatasi hiyo kabla ya upasuaji wowote wa shingo au kifua. Nanyi mnaojifunza kusoma mna sababu moja zaidi ya kuijua kazi hiyo: mstari ule mmoja chini ya karatasi, aliyepigwa picha ausome mwenyewe.

Sasa kiongozi wa darasa aandike ubaoni maneno yetu manne: aota, tao, umio, zoloto. Kila mmoja achore bakora katika daftari, mkono wake ukiwa juu, na juu ya mkono huo aweke matawi matatu. Kisha achore nyingine yenye matawi mawili. Akimaliza, aandike chini ya kila mchoro sentensi moja kwa maneno yake mwenyewe, na jirani yake aisome kwa sauti.

Juma lijalo, siku hii na saa hii, tutazungumza juu ya figo. Kwaherini.